Wapishi wa Sherehe Ndio Wapishi wa Maafa

Jamii haijifunzi kusaidiana siku ya maafa. Siku hiyo kila mtu anatetemeka, hakuna wa kumfundisha mwenzake. Kujuana hufanyika kabla, kwenye ngoma, kwenye ligi ya mtaa, kwenye pilau la harusi. Huko ndiko watu wanakogundua nani ana sufuria kubwa, nani gari lake halikosi mafuta, nani akiandika orodha hampendelei ndugu yake, na nani akishika mchango haupungui. Haya nilijifunza Ufilipino, nchi ambayo vimbunga karibu 20 huingia katika eneo lake kila mwaka, yenye volkano zilizo hai, na ambayo bado ina sherehe nyingi kuliko nchi yoyote niliyowahi kukanyaga. Wengi huona sherehe na maafa kuwa vitu viwili vilivyo mbalimbali. Mimi nimeishi katikati yake na naamini vinakwenda pamoja.

Mimi ni mtoto wa Ifakara, kwenye mpunga na mafuriko. Mwaka 2017 nilikwenda kusomea mbegu za mpunga Los Baños, mji mdogo wa mkoa wa Laguna chini ya Mlima Makiling. Pale ndipo ilipo taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoanzishwa 1960, iliyotoa mbegu ya IR8 mwaka 1966. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyekuwa akiuza duka dogo kupitia dirisha la sebule yake: sabuni, vitunguu, sigara moja moja, kahawa ya pakiti. Mtaa mzima ulimwita Nanay, mama. Nami nikamwita hivyo, naye akaniita anak kama alivyowaita wanawe.

Kule ngazi ya chini kabisa ya utawala ni barangay, inayokaribiana na mtaa wetu, lakini yenye meno zaidi. Ina kapitan wake, madiwani saba, walinzi wa kujitolea, na baraza la vijana ambalo kisheria hupata asilimia 10 ya bajeti ya barangay. Kwetu pale, sehemu kubwa ya fedha za vijana ilikwenda kwenye ligi ya mpira wa kikapu. Wapo wazee waliolalamika kwamba ni kuchezea fedha. Mimi niliiangalia ile ligi jioni baada ya jioni kutoka benchi la simenti, na nilichokiona ni vijana wanaojua nyumba kwa nyumba nani anaishi wapi, kwa sababu wamesajili wachezaji kitongoji kwa kitongoji, wamewabembeleza kinyozi na fundi pikipiki wachangie fulana, wamegombana juu ya umri wa mchezaji hadi wakaletewa vyeti vya kuzaliwa. Uwanja wenyewe una paa la bati. Ndimo wanamochezea mpira, wanamofanyia mikutano, wanamoagia marehemu, na wanamolala waliokimbia mafuriko.

Safari iliyonifumbua macho kuliko zote ilikuwa ya Februari 2018, ya kwenda Clark, mkoani Pampanga, kaskazini ya Manila. Dada yake Nanay anaishi Angeles, mji unaopakana na Clark, na mtoto wake wa kiume alikuwa akijitolea kwenye tamasha la maputo ya hewa ya moto. Nanay alisema hawezi kuniacha nirudi Afrika sijaona maputo. Nilimwambia maputo yapo hata Serengeti, yanabeba watalii. Akaniuliza, "Umewahi kuyaona, anak?" Sikuwahi. Kwetu puto la Serengeti ni la mgeni mwenye dola, mwananchi huliona kwenye picha.

Tulisafiri usiku na kufika langoni giza likiwa bado zito. Nilidhani tumewahi. Familia zilikuwa zimeshatandika mikeka, bibi wamejifunika mablanketi, watoto wamelala juu ya masanduku ya chakula. Maputo hurushwa alfajiri kwa sababu hewa ni ya baridi na upepo umetulia. Jua likipanda, ardhi inapata joto na hewa inaanza kuchafuka. Upepo ukizidi, rubani haruki, hata kama umati umesubiri usiku kucha. Asubuhi ile ulikubali. Kwanza alishuka mruka-parachuti na bendera ya nchi, wimbo wa taifa ukipigwa, watu wote wamesimama na mkono kifuani. Kisha vichomeo vya gesi vikaanza kunguruma, na vitambaa vilivyokuwa vimelala chini vikajaa, vikainuka kimoja baada ya kingine mpaka mbingu ya Pampanga ikajaa rangi. Nanay, ambaye umri wake ulishavuka sitini, alipiga makofi kama mtoto. Mchana kulikuwa na ndege ndogo za kuongozwa kwa rimoti, za injini nyepesi, na watu wanaoelea kwa parachuti zenye mota mgongoni. Usiku maputo yaliwashwa bila kurushwa, yakawa yanameta kwa kufuata muziki.

Lakini wa kuangaliwa walikuwa wale walioko chini. Puto halina usukani. Rubani anaweza kupanda na kushuka tu, akitafuta tabaka la upepo linaloelekea anakotaka, na mwisho wa yote linatua linapotua. Kwa hiyo kila puto lina gari lake la kulifuata barabarani na vijana wa kulipokea, na yule mpwa wa Nanay alikuwa mmoja wao. Alituchukua nyuma ya pikapu. Tulikimbizana na lile puto katikati ya mashamba, redio mkononi, kijana akielekezwa na watu wasiomjua: muuza maji ya madafu, mama anayeanika nguo, watoto wa shule juu ya ukuta, wote wakinyosha kidole kuonyesha limepita wapi. Lilipotua pembeni ya shamba lililokwishavunwa, wakulima walifika kabla yetu. Rubani, mgeni, alimsalimia kwanza mwenye shamba. Halafu watu wakapanga mstari bila kuambiwa, wakakumbatia kile kitambaa na kukitoa hewa, watoto wakikilalia kwa furaha, mpaka kikaingia kwenye mfuko wake. Nikauliza kama wanalipwa. Yule kijana alinishangaa.

Baadhi ya waliokuwa wakiongoza magari langoni kwa redio za mkononi ni wapenzi wa mawasiliano ya redio, watu wenye leseni na mitambo yao nyumbani. Ufilipino ina chama chao cha muda mrefu, na simu zinapokatika ndio hupeleka habari. Kimbunga Haiyan, ambacho wao hukiita Yolanda, kilipoipiga Tacloban tarehe 8 Novemba 2013 na minara ikaanguka, watu wa namna hii walikuwa miongoni mwa waliorudisha mawasiliano. Ukiwakuta kwenye tamasha unaweza kuwaona kama watu wazima wenye mchezo wa kitoto. Mimi niliona watu walioamua kufanya mazoezi mahali penye furaha.

Jioni yake, dada wa Nanay alitueleza maputo yalikotokea. Clark ilikuwa kambi kubwa ya jeshi la anga la Marekani, na Angeles nzima ilikula kutokana nayo. Tarehe 15 Juni 1991 Mlima Pinatubo ulilipuka, mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani katika karne ya 20. Siku ileile kimbunga Yunya kilipita karibu nao. Mvua ikachanganyika na majivu, yakawa mazito kama saruji, na wengi wa waliokufa waliangukiwa na mapaa yao wenyewe. Mchana uligeuka usiku, alisema, na walitembea wakishikana mikono kwa kuwa hata tochi haikuonyesha kitu. Wamarekani waliihama Clark, na kambi ikafungwa moja kwa moja. Septemba mwaka huohuo Seneti ya Ufilipino ikakataa mkataba mpya wa kambi kwa kura 12 dhidi ya 11. Mji ukabaki na majivu, bila ajira, na miaka iliyofuata kila msimu wa mvua ukateremsha tope la volkano, lahar. Tamasha la kwanza la maputo lilifanyika 1994 kwenye uwanja uleule wa ndege, ili watu warudi Pampanga na kuona kwamba bado kuna wenyeji.

Kesho yake alitupeleka Bacolor, kwenye kanisa la San Guillermo. Oktoba 1995 lahar iliufukia mji huo, na kanisa likazama hadi nusu ya kimo chake. Leo unaingia ndani kupitia palipokuwa madirisha. Waumini waliifukua madhabahu yao ya mbao, wakaipandisha na kuisimamisha juu ya ardhi mpya chini ya kuba, ikakaribia kugusa dari. Nilisimama pale muda mrefu. Watu waliopoteza nyumba zao walitenga nguvu za kufukua kitu cha kupendeza, na siku chache kila mwaka walikuwa wakijitolea kukimbiza maputo ya wageni mashambani. Ndipo nilipoanza kuiona ile sherehe kwa macho mengine.

Los Baños nako kuna mfano wake. Chuo kikuu hufanya maonyesho ya wanafunzi kila Februari, yenye vibanda, muziki na chakula, wiki ya wapendanao. Yalianza enzi za utawala wa kijeshi wa Rais Ferdinand Marcos, mikusanyiko ya kisiasa ilipokuwa imepigwa marufuku na muziki ukawa njia ya kukutana na kupinga. Mpaka leo kila usiku huwa na hoja yake: ardhi ya wakulima, haki za wanawake, ada. Vijana hucheza, kisha hunyamaza kumsikiliza mkulima aliyesimama jukwaani, kisha hucheza tena.

Jumapili ya tarehe 12 Januari 2020 volkano ya Taal, iliyo kisiwani katikati ya ziwa mkoani Batangas, ililipuka. Majivu yalianguka Batangas, Cavite na sehemu za Laguna, yakafika Manila, uwanja wa ndege ukafungwa. Maelfu ya watu waliokaa kando ya ziwa walikimbilia kwenye shule na viwanja vyenye paa. Wengine walilazimika kuacha farasi waliokuwa wakibeba watalii kisiwani, na baadhi yao walirudi kinyemela kwa mitumbwi kuwatoa.

Nilimkuta Nanay asubuhi ya Jumatatu hafungui duka. Nilimuuliza tunaanzia wapi. Akasema, "Anak, usiulize tunaanzia wapi. Uliza karai liko kwa nani." Lile karai ni la sikukuu ya mtaa, 15 Mei, ya San Isidro, msimamizi wa wakulima, ambapo kila nyumba hufungua mlango na hata mpita njia huitwa kula. Watu wa Lucban, mji wa mkoa wa Quezon, siku hiyo hupamba nyumba kwa majani ya unga wa mchele yenye rangi, na mtu wa mpunga kama mimi nilikwenda kuyaona kwa heshima zote. Pale kwetu pambo kubwa lilikuwa chakula. Nanay na wenzake wanajua kupika tambi za watu 300 bila kuandika popote, wanajua kuni ngapi, wanajua mchele wa nani huwa na mawe. Kamati ya sikukuu haina haja ya kuundwa, haijawahi kuvunjwa.

Kabla ya saa sita karai lilikuwa jikoni, uji wa mchele wenye kuku na tangawizi unachemka. Vijana wa ligi walikuwa na pikipiki zao na orodha. Nahodha wa timu moja alikwenda Santo Tomas, ng'ambo ya mpaka wa Batangas, ambako shule ilikuwa imepokea familia, akarudi na idadi kwa makundi: watoto wachanga wangapi, wazee wanaohitaji chakula laini wangapi, mama wajawazito. Alikuwa ameandika pia pedi za kike, kwa sababu shangazi mmoja pale shuleni alimvuta pembeni akamwambia kila lori linaleta samaki wa kopo na hakuna aliyefikiria hilo. Kijana wa miaka 19 alisoma hitaji hilo mbele ya watu bila aibu na hakuna aliyecheka. Tulipakia mchele, mikeka, barakoa, pedi, na ndoo za uji. Mimi nilikuwa wa kufunga mifuko, kazi inayokalisha watu kwenye duara mpaka usiku wa manane, redio ikiimba, mtu akikosea wimbo wenzake wanamkatisha kwa kelele. Siku za mwanzo kelele zile ziliniudhi, maana kwetu penye msiba watu hushusha sauti. Baadaye niliona kwamba ndizo zilizofanya watu warudi kesho yake, na keshokutwa, wiki nzima, wakati misaada ya siku moja ilikwisha siku moja.

Mji wa Biñan, hapohapo Laguna, ulikusanya majivu yale ukayachanganya na plastiki taka ukafyatua matofali. Niliposoma habari hiyo nilimwonyesha Nanay kwenye simu. Akasema angependa kupata ya kuzungushia bustani yake.

Miezi miwili baadaye ikaja korona. Luzon yote, kisiwa kikubwa chenye Manila na Los Baños, ilifungwa katikati ya Machi 2020, kila kaya ikapewa kibali kimoja cha kutoka. Madereva wa jeepney, daladala za kule, walibaki bila kipato, na baadhi walisimama barabarani na vikopo kuomba. Huo ulikuwa mwaka mrefu na sina mengi ya kuusemea isipokuwa kwamba vijana wa ligi, uwanja wao umefungwa kwa kamba, ndio waliobeba dawa za wazee.

Tarehe 14 Aprili 2021, katika Mtaa wa Maginhawa, Quezon City, Ana Patricia Non, binti wa miaka 26, aliweka mkokoteni wa mianzi wenye mboga, mchele na samaki wa kopo. Juu yake alibandika maneno ya Kitagalogi yanayomtaka mtu atoe kadiri ya uwezo wake na achukue kadiri ya haja yake. Ndani ya siku chache mamia ya mikokoteni na meza kama ile ilijitokeza nchi nzima. Wakulima wa Paniqui, Tarlac, walituma viazi vitamu. Kwetu meza iliwekwa pembeni ya duka la Nanay, na alisema wazi kwamba itampunguzia wateja, kisha akaleta kitambaa cha kuifunika. Nilizoea kukaa pale asubuhi. Niliona mwanamume akichukua mayai mawili, akaliangalia la tatu, akaliacha. Mwendesha bajaji mmoja alichukua mchele Jumatatu na Alhamisi akaleta mapapai. Hakuna aliyesimamia kwa fimbo.

Mambo hayakwenda sawa kila mahali. Siku chache baada ya kuanza, Non alilazimika kufunga kwa siku moja kwa hofu ya usalama, baada ya kuandamwa mitandaoni kwamba ana uhusiano na wakomunisti. Mahali pengine Quezon City, mzee mmoja alianguka na kufariki kwenye foleni iliyojaa kupita kiasi, kwa sababu ugawaji ulikuwa umetangazwa kwa watu wengi mno. Nalikumbuka hilo kila ninaposikia mtu anataka kugawa chakula kwa umati asioujua. Meza ndogo nyingi, kila moja mtaani kwake, ziliwahudumia watu vizuri kuliko meza moja yenye sifa.

Pia kuna jambo ambalo Wafilipino wenyewe walinifundisha na ningependa lisipotee katikati ya sifa hizi. Kila baada ya kimbunga, magazeti huandika jinsi Wafilipino wanavyotabasamu ndani ya maji. Vijana niliokaa nao wamechoshwa na habari hizo. Wanasema tabasamu lao limegeuka kisingizio cha viongozi kutojenga kuta za mito. Sheria yao ya 2010 inataka kila serikali ya mtaa itenge angalau asilimia 5 ya mapato yake kwa ajili ya maafa, na sehemu ya 30 kwa mia ya fungu hilo iwekwe akiba kwa dharura. Barangay hulazimika kuitisha mkutano wa wakazi mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba. Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, alisimama katika kila mkutano kuuliza fungu hilo limefanya nini, akiwa na karatasi za mkutano uliopita mkononi. Huyohuyo ndiye aliyekuwa mshereheshaji wa sikukuu ya mtaa. Watu walimsikiliza akiuliza hesabu kwa sababu walikwisha kumpenda akiwa na kipaza sauti siku ya furaha.

Nilirudi Ifakara mwishoni mwa 2021. Masika ya 2024, mvua za El Niño zilipofurisha mito, mashamba yakazama Rufiji na Kibiti, na kwetu bonde la Kilombero maji yakaingia majumbani. Watu wengi walikuwa wakisubiri mtu wa kuanzisha kamati. Mimi nilifungua simu nikaingia kwenye kundi la harusi ya binamu yangu, iliyokwisha miezi kadhaa nyuma na kundi halijafutwa. Mweka hazina alikuwa shangazi ambaye hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Nilimwandikia, "Shikamoo shangazi. Lile turubai na masufuria tulikodi kwa nani?" Alijibu kwa kunipigia. Jioni ile wali na maharage viliiva kwenye uwanja wa shule ya msingi, na orodha ya kaya ilitoka kwa balozi, ikasomwa kwa sauti ili anayesahauliwa ajitaje.

Tulichokosa ni kile Nanay alichonacho: vyombo visivyo vya kukodi. Siku ya tatu mwenye masufuria aliyahitaji, alikuwa na harusi nyingine, na hatukuwa na haki ya kumlaumu. Tangu hapo tumechanga. Yamenunuliwa masufuria matatu ya kupikia watu wengi na mwiko wake, yanakaa kwa shangazi, na yametoka kwa maulidi, kwa kipaimara na kwa misiba, kila yanapotoka jina linaandikwa. Turubai bado; fundi wa Morogoro ametutajia bei na wajumbe wawili wanaona ni kubwa, kwa hiyo tunakutana tena Jumamosi baada ya mechi.